Macho Yangu na Tope la Endulen

Nyuma ya Soko la Mazao,
Karatu.
Jumanne, 26 Novemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Christina,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini naitikia mapema ili heshima yangu isichelewe njiani. Habari za huko Uswidi? Shemeji Raphaeli hajambo? Wapwa wangu wanaendeleaje na hiyo baridi ya kufunga pua? Sisi huku tu wazima. Mama Eva anakohoa kidogo kwa sababu ya ukungu wa asubuhi, ila sauti ya kunigombeza haijapungua hata chembe.

Utashangaa kuona karatasi na huu mwandiko wangu wa darasa la sita. Simu imezama kwenye tope, na si kusema ilidondoka, ilizama kabisa kama kiboko. Nitakueleza.

Kwanza nikujibu lile swali lako la macho, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Mdogo wangu, bahati yote ya ukoo wetu imeangukia kichwani kwangu. Nilikwenda kupima kama ulivyonisihi. Daktari akamulika, akamulika tena, halafu akamwita mwenzake aje aone. Akasema, mzee, haya si macho ya mtu wa miaka hamsini na nane, haya ni macho ya tai. Ile presha ya macho iliyompofusha Baba imeniruka mimi ikaenda zake. Kwa hiyo mwezi ujao nitawafuata uwanja wa ndege wa KIA mwenyewe na Landrover yangu, niwapakie wote mpaka Rombo kwa Mama, tufike kabla ya Krismasi kama watu wengine. Shemeji nitamkalisha mbele, ashike Biblia.

Ila nimechoka, Christina. Huu si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Nimeketi hapa tangu saa nne, chai imepoa, na mkono wenyewe unaona uvivu kushika kalamu.

Wikiendi iliyopita nilikuwa porini na klabu ya magari kutoka Arusha. Usicheke, ipo klabu ya namna hiyo. Ni watu wazima wenye kazi za heshima, ambao Ijumaa wanafunga ofisi, wanapanda magari yenye winchi mbele na bomba la kupumulia juu, halafu wanakwenda kulala chini kwa hiari yao. Sisi tulihangaika tupate kitanda, wao wanahangaika wakikimbie. Mwenyekiti wao anaitwa Julius, ana duka la vifaa vya ujenzi, kijana mcheshi. Walinitaka mimi niwaongoze, na wangemtaka nani mwingine? Nimewabeba Wajapani, nimewabeba Wabrazili, nimembeba mama mmoja wa Ujerumani aliyelia nilipomuaga. Sabina wa Ganako, yule mpishi niliyekuwa naye tangu enzi za kampuni ya utalii, akaja kutupikia. Yeye alikaa na mimi mbele.

Hawa watu wana sheria moja wanayoiogopa kuliko ile ya barabarani. Gari la mbele likipita, yote yanapita palepale, tairi juu ya alama ya tairi, bila kuuliza. Anayetoka nje ya alama anawanunulia wenzake mbuzi.

Jumamosi tukapanda mpaka geti la hifadhi, tukazunguka ukingo wa kreta kwenye ukungu mzito, tukateremka kuelekea Endulen tulikopewa kibali cha kupiga kambi. Mvua ilikuwa imenyesha. Kule chini kuna mbuga ya udongo mweusi, ule ukilowa unashika gari kama gundi. Njia inakata kulia kuikwepa, na pale kwenye kona wenyeji wamepanga mawe wakayapaka chokaa, meupe kama meno. Mimi nikaenda moja kwa moja.

Landrover ikazama mpaka kwenye milango. Na wao, watiifu wa sheria, wakanifuata. La kwanza likaingia, la pili likaingia, yote yakaingia kwa foleni kama ng'ombe wanaokwenda kuogeshwa joshoni. Nikasema moyoni, Elisaria, leo unarudi Karatu kwa miguu.

Julius akashuka, tope magotini, akanijia mbio. Nikajiandaa kutukanwa. Akanikumbatia.

"Mzee Elly! Hili shimo umelitoa wapi? Hili shimo ni la kiume!"

Mwenzake mmoja, Adrian, alikuwa ameshavua shati. "Mwaka jana tulimkodi bwana mmoja akatupitisha njia kavu mwanzo mwisho," akasema. "Huyu ndiye dereva sasa!"

"Niliwaona mmeanza kusinzia," nikawaambia. "Nikasema niwaamshe."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Siku nzima ikawa ni winchi, majembe, jeki na kelele. Huyu akija kumvuta yule anazama yeye, na kila anayezama anapigiwa makofi. Hapo ndipo simu yangu ilipochomoka mfukoni nikiwa nimeinama kufunga mnyororo. Nilipapasa na mikono yote miwili, wapi.

Sabina peke yake hakucheka. Alikaa kwenye kreti ya nyanya akimenya viazi, akanisubiri nimsogelee.

"Baba Eva, yale mawe meupe hukuyaona?"

"Nimeyaona."

"Yalikuwa upande gani?"

Nikamwambia viazi havijimenyi.

Jioni wakachoma mbuzi, ingawa hakuna aliyetoka nje ya alama. Walikuwa na furaha tu. Julius akasimama na mfupa mkononi akatangaza kwamba mwaka kesho safari zote za klabu nitaongoza mimi. Wakaimba jina langu. Unajua mdogo wangu nilivyo, mimi kusifiwa sikatai. Nikapunga mkono kama mbunge. Lakini nyama nikaiweka kando. Nilikuwa namkumbuka Baba, miaka ile ya mwisho, alivyokuwa akishika mwimo wa mlango kabla ya kuingia ndani, halafu anatuambia anakagua kama mbao zimeliwa na mchwa. Na sisi tulicheka. Kila siku anakagua mchwa, na sisi tunacheka.

Jumapili tukaanza kurudi. Jua zuri, barabara imelowa, hakuna hata punje ya vumbi. Mimi mbele, wao nyuma yangu. Nilikuwa namsimulia Sabina habari za yule mama wa Kijerumani. Ghafla akaurukia usukani akauvuta kwake.

"Kulia! Kuna mtu kulia!"

Nikasikia kishindo cha ubavuni, halafu mlio wa punda. Nikakanyaga breki.

Alikuwa mama wa Kimasai, anaitwa Nanyokie, wa umri kama wako. Alikuwa anatoka kuteka maji na punda wanne. Gari lilimkwaruza punda mmoja na kupasua madumu, na maji yote yalikuwa yanatiririka barabarani. Yeye hatukumgusa. Shuka lake tu ndilo lililopigwa na kioo cha pembeni. Shuka tu, Christina.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alinitazama kwanza usoni, kisha akatazama gari, kisha akanirudia tena.

"Mzee, nimevaa nyekundu," akasema. "Nina punda wanne. Ulikuwa unatazama nini?"

"Vumbi, mama yangu," nikasema. "Vumbi limeniziba."

Akatazama chini, kwenye barabara iliyolowa, kwenye maji yake. 

Wale vijana wa klabu wakashuka. Wana roho nzuri, nasema kweli. Wakampa madumu yao wenyewe yakiwa na maji, Adrian akamwosha punda kidonda akampaka dawa. Nanyokie akashukuru. Lakini tulipowasha magari, alivuta punda wake wote akawaingiza kwenye miiba, mbali na barabara, akasimama mbele yao mikono ameitandaza. Aliruhusu magari mengine yote yaanze kupita karibu naye bila wasiwasi. Alikuwa anasubiri langu liondoke.

Nikamwambia Adrian mgongo umenikaza, aendeshe yeye. Wakanitania kwamba uzee umenikuta barabarani. Nikacheka nao. Sabina akahamia nyuma kunipisha, na tulipofika mlangoni kwangu Karatu alimvuta Mama Eva pembeni. Najua alichomwambia, maana tangu hapo Mama Eva hata kunigombeza ameacha.

Sasa niwasalimie. Msalimie sana Shemeji Raphaeli. Msalimie Anneth, mwambie mjomba bado anamtunzia yule mbuzi wake mweupe, amekuwa mkaidi kama yeye mwenyewe. Eva anawasalimu, amemaliza mitihani. Mama alipiga simu ya Mama Eva juzi, yupo salama, amekwisha anza kuulizia mtalala chumba gani. Mungu awazungushie mkono wake huko mliko, awape joto la nyumba na la mioyo, awalete tuonane tukiwa bado tunatambuana sura.

Nilikuwa nimeshaikunja hii barua. Nimeikunjua.

Christina, sikwenda kupima. Nilifika mpaka geti la hospitali, nikanywa chai pale nje, nikageuza. Hakuna daktari aliyesema tai. Nilimtunga mwenyewe, na yule mwenzake pia. Jicho la kulia limeanza kufunga giza tangu Pasaka, na kila mwezi giza linasogea ndani. Alhamisi Mama Eva na Eva wananipeleka, mmoja huku mmoja huku, kama mwizi wa kuku. Julius nitamwambia atafute mtu mwingine.

Tafuteni gari jingine la kuwatoa KIA. Mimi nitakuja kuwapokea, lakini mkiniona nimeshika ufunguo, msipande.

Kaka yako, ninayekupenda kuliko ninavyojisifu,
Elisaria.