Mlezi wa Watoto wa Ezra Tackett

Opal, usisome karatasi za mirathi za ukoo wenu kabla ya kumuuliza karani wa mahakama. Mimi nimeshaharibu.

Niliona mahakama ilimpa jirani ulezi wa watoto wa Ezra, babu yetu aliyefyeka bonde hili kwanza. Nikajua mkewe naye kafa. Nikautangazia ukoo mzima.

Binamu Vernon kacheka: "Sasa bibi yenu Tabitha, mnayemwita binti wa Ezra, aliyezaliwa miezi mitano baada ya mlezi kuwekwa, kazaliwa na maiti? Nyie si wa Ezra. Kitoeni kichanga chenu makaburini kwetu."

Kichanga cha binti yangu Lorene, tulichokizika pale, Opal. Kasema kitolewe.

Leo karani kaniambia zamani baba akifa, watoto walipewa mlezi mwanamume hata mama akiwa hai, yuko jikoni anapika.

Nimekimbia makaburini. Lorene kakaa pale tangu asubuhi. "Usiniambie mimi, mama. Kawaambie wao."

Nimempigia Vernon mara tisa. Hapokei.