Ngozi Niliyowapelekea Wenye Kadi

Birmingham, Uingereza
Mwezi wa pili, 1992

Kwako kaka Masunga,

Kwanza nijulishe hali ya mama yetu, Mayu: mgongo umemwachia? Na majaruba ya mpunga yameshapata maji? Mimi ni mzima, ni baridi tu inayonionea. Barua yako niliipata Jumatatu, nikaisoma nimesimama, na hasira haijanitoka mpaka sasa.

Unasema umesikia nina kadi ya mkopo, na kwamba itatosha kulipia mashine ya kukoboa mpunga. Tena umeshaongea na mfanyabiashara wa Mpanda akuletee mashine hapo Majimoto, na ng'ombe wa marehemu baba wawekwe rehani mpaka mimi nitume hela. Kaka, ng'ombe wote! Ngoja nikueleze hiyo kadi.

Ilikuja yenyewe kwenye bahasha ya benki mwaka juzi, pamoja na barua ya kunisifu utadhani wananiposa. Sikuwa nimeomba. Wakati huo nilikuwa nafua mashuka ya hoteli kwenye kiwanda kikubwa cha udobi, na hela ilikuwepo. Nikaielewa kadi Kisukuma: mwenye ng'ombe wengi amenipa mmoja nimchungie, mimi ninywe maziwa, ng'ombe abaki wake. Nikanunua koti, jiko, na yale mablanketi mliyoyapokea. Kila mwezi walitaka kidogo tu, nikawapa hicho kidogo. Nikasema hawa ni watu waungwana.

Basi uchumi wa huku ukaanguka. Hoteli zikakosa wageni, mashuka yakapungua, kiwanda kikatuachisha kazi nusu yetu. Nikafanya kama baba alivyotufundisha: ng'ombe wa mtu akifia mikononi mwako, humfichi mwenyewe, unampelekea ngozi aione, na maneno yanaisha. Nikachukua barua ya kuachishwa kazi nikawatumia. Nikaandika, "Kazi imekufa, ushahidi huu hapa. Nikipata nyingine tutaendelea." Kaka, mimi nilikaa nasubiri pole!

Lilikuja jibu la faini na riba juu. Nikawapigia simu. Dada mmoja, sauti tamu kabisa, akaniambia wanaweza kuniongezea kiwango nikope zaidi. Nikamuuliza, "Sina kazi, halafu unaniongezea deni?" Akasema hiyo ni huduma kwa wateja wazuri. Nikamkatia simu, nikachukua mkasi wa jikoni, na kadi nayo nikaikata vipande vinne. Dawa ya deni kulipa, na nitalipa. Nasafisha ofisi za watu alfajiri kwa ajili hiyo. Lakini hawa hawatanikopesha tena hata sindano. Mtu anayekukimbilia na hela wakati mji mzima unalia njaa, muulize yeye anakula nini.

Na huyo wa Mpanda amekusifu pia, sivyo? Amekwambia wewe ni mtu wa maendeleo? Kukopa harusi, kulipa matanga. Mvua ikikataa mwaka mmoja tu, mashine itakoboa nini? Mayu atakunywa maziwa ya nani?

Najua utasema mwanamke hana kauli kwenye zizi. Lakini wewe mwenyewe ulitaja jina langu kuwa ndiye mlipaji, basi kauli umenipa wewe.

Msalimie sana Mayu, mwambie nakula nashiba. Wifi yangu Holo mpe pole ya kuishi na mtu mbishi. Baba mdogo Lugembe, anayewachunga hao ng'ombe, msomee barua hii yote bila kuruka mstari.

Nimeshamwandikia mfanyabiashara wako kwa anwani uliyonipa, na barua nikaituma kwa rejista jana. Nimemwambia kadi hakuna, hela haitakuja, na ng'ombe ni wa Mayu na watoto wote watano, hakuna mmoja anayeweza kuwaweka rehani peke yake. Ukifika kwake utakuta anajua. Ukitaka kukasirika, kasirika. Mimi niko mbali, nitavumilia.

Ni mimi mdogo wako,
Minza