Andika, Lakini Usisikie

Mjini Baraka, Kongo, tarehe 14 mwezi wa nane

Kwa mama yangu mpendwa Anastasie,
Kambini Nyarugusu, Tanzania.

Mama, pokea salamu zangu nyingi, wewe pamoja na wadogo zangu Lionel na Vainqueur. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho tulipoongea ulisema unakusumbua ukiinama, kisha mtandao ukakatika, nami sikujua kama ulipata dawa. Lionel bado anakohoa kwa lile vumbi? Nasikia Vainqueur sasa anainama akiingia mlangoni mwenu; sitaamini mpaka nimwone kwa macho. Sisi huku tuko wazima. Mama mudogo Suzanne anakusalimia sana. Bado anaanika visamaki vyake vya ndagala uani na kugombana na kuku wa jirani kutwa nzima.

Barua hii anakuletea Mama Clarisse, yule anayevuka ziwa kwenda Kigoma kununua vitenge. Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ni ya mchungaji wenu, naye hukaa pembeni akisubiri tumalize. Nina neno ambalo sipendi alisikie kabla yako. Nakuomba uisome kwanza peke yako.

Nianze na habari njema. Mama, nimefaulu Examen d'État, ule mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari! Asilimia sitini na nne. Mama mudogo alipiga vigelegele barabarani hadi watu wa pikipiki wakasimama kuuliza nani ameolewa. Sasa naomba nafasi katika chuo cha ukunga kule Kalemie. Chuo kinataka matokeo, na tena kinataka rekomandasyo mbili, yaani barua ambamo mwalimu anakushuhudia wewe ni mtu wa namna gani. Mwalimu anaifunga kwa gundi na kutia sahihi juu ya bahasha, ili mwanafunzi asijue kilichoandikwa.

Ya kwanza nilimwomba Mwalimu Dieumerci, anayefundisha biolojia. Aliniuliza kama kweli damu hainitishi. Nikamwambia ni mimi niliyemshika mama mudogo mkono siku alipojifungua mtoto wake wa mwisho, na kwamba mkunga aliponituma maji sikukimbia. Alicheka, akaniambia nirudi kesho yake. Nilirudi, bahasha ikawa tayari.

Ya pili ndiyo ilinichukua wiki mbili kabla ya kuthubutu. Nilitaka kumwomba Madame Émilienne, mwalimu wangu wa Kifaransa tangu mwaka wa tatu. Hakuna mwalimu aliyenijua kama yeye. Alikuwa akinipa vitabu vyake nyumbani, akinibakiza baada ya masomo kunisahihisha, na nilipougua malaria alikuja kwa mguu kuniona. Lakini mwanzoni mwa mwaka huu ugonjwa wa kupooza ulimwangusha. Upande wa kuume umekufa, mkono umelala kama si wake, na macho hayasomi tena vizuri. Kusema anasema, polepole. Niliona haya kwenda kumwomba barua mtu asiyeshika kalamu.

Alinipokea kwa furaha, akaniketisha kwenye mkeka. Nilipomweleza shida yangu, akasema hilo si neno, yeye atasema na mimi nitaandika. Nikamkumbusha kwamba mwanafunzi haruhusiwi kujua yaliyomo. Akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo uliobaki.

“Basi andika, lakini usisikie.”

Nikaandika. Alisema kwa Kifaransa chake kile kizuri, mimi nakutafsiria. Alisema nina akili isiyochoka, kwamba napenda kubishana lakini nikishindwa nakubali. Alisema sijawahi kuiba jibu la mwenzangu. Mama, ni kazi ngumu kuandika sifa zako mwenyewe kwa mkono wako mwenyewe. Masikio yalikuwa yakiniwaka, hata herufi zikaanza kuinama.

Kisha akasema: “Naye amefika hapa ingawa ni yatima, kwa kuwa mama yake mzazi alifariki yeye angali mtoto.”

Hapo kalamu ilisimama.

Mama, ni mimi niliyemwambia hivyo. Ndilo neno lililonifanya nikuandikie. Nilimwambia kwamba umekufa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Madame alitupa kazi ya kuandika juu ya mama. Wenzangu waliandika kurasa mbili, tatu, mimi nikarudisha karatasi tupu. Aliniita nje, akaniuliza mama yangu yuko wapi. Ningesema nini? Ningesema yuko Tanzania, angeuliza na wadogo zangu wako wapi, ningesema wako naye, kisha angeuliza mbona mimi niko hapa. Swali hilo nilikuwa nimejiuliza kila siku tangu asubuhi ile risasi zilipolia, ulipopanda mtumbwi na Lionel mgongoni na Vainqueur mkononi, ukaniambia nibaki na mama mudogo niendelee na masomo, kwamba utarudi kabla ya Noeli. Nikasema: amekufa. Nikaona kwamba neno hilo linanyamazisha watu. Hakuna aliyeniuliza tena.

Sikusema kwa bahati mbaya, mama. Nilisema kwa hasira. Na baadaye, kila Madame aliponitendea wema, nilijua sehemu ya wema ule imetoka kwenye kaburi ambalo halipo.

Basi nilikuwa nimeketi pale kwa Madame na karatasi ile gotini. Ningeandika tu, asingejua. Tena ingenifaa, maana huko Kalemie wasichana yatima ndio wanaopewa kwanza kitanda katika bweni la chuo. Lakini mkono ulikataa. Kuongopa kwa mdomo niliweza nikiwa mtoto. Kukuua kwa wino, kwa mwandiko uleule ambao wewe ulinifundisha ukinishika mkono kabla sijaanza shule, nilishindwa.

Madame aliuliza mbona siandiki.

“Madame, mama yangu iko muzima.”

Aligeuza kichwa kuelekea sauti yangu. Nikamweleza yote, nikilia, bila kupanga. Mwishoni akasema:

“Miaka ine mi napeleka jina lake kwa padri. Kila siku ya wafu, Anastasie, Anastasie. Na ye iko nalima mihogo kambini!”

Akaanza kucheka, machozi yakimtoka jicho moja. Mama, jina lako limesomwa parokiani kati ya marehemu mara nne. Mama mudogo hakusikia kwa kuwa anasali kwa Wamethodisti. Nisamehe, nisamehe, sijui niseme mara ngapi.

Niliweka karatasi chini nikasimama kuondoka, nikijua barua nimeikosa. Akaniamuru niketi. Akasema nifute sentensi ile na kuandika nyingine, nayo, kwa maneno yake, ilikuwa hii: kwamba mwanafunzi huyu aliwahi kuniambia uongo mmoja mkubwa, na kwamba ameusahihisha mwenyewe mbele yangu, kalamu ikiwa mkononi mwake na mimi nikiwa siwezi kusoma, wakati uongo ule ungemfaa, kwa hiyo bila woga namkabidhi wanawake wanaojifungua. Nilimwambia chuo kitanikataa kikisoma hivyo. Akajibu kwamba yeye hashuhudii mtu asiyemjua, na kwamba leo ndiyo siku amenijua.

Alitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Ilipinda kutoka mwanzo hadi mwisho na ilichukua muda mrefu. Nilipomuaga akanishika kidole.

“Sasa enda umufufue mama yako.”

Ndiyo maana ya barua hii. Bahasha zote mbili zimekwenda Kalemie kwa boti ya Jumanne. Majibu hayajafika, na kitanda cha bweni sina tumaini nacho tena.

Mama, si kwamba hasira imekwisha yote. Bado nataka kujua kwa nini mimi ndiye niliyebaki. Labda mtumbwi ulikuwa umejaa, labda uliniona mkubwa kuliko nilivyokuwa. Sikuulizi ili ujitetee. Nataka tu unieleze siku moja tukiwa tumekaa, bila simu ya mchungaji. Ukitaka kunigombeza, nigombeze kwa kurasa nyingi, Mama Clarisse atapita kuchukua jibu kabla ya kurudi. Ila usininyamazie.

Mwezi wa tisa nitavuka kuja kwenu, wanipokee chuoni au wasinipokee. Mama mudogo amekubali. Niandalie mahali pa kulala, hata kama ni chini, karibu na wewe.

Wasalimie wadogo zangu, waambie dada yao anakuja na ndagala za Baraka. Msalimie pia mchungaji, lakini usimpe barua hii asome. Mungu akutunze, wewe uliye hai.

Ni mimi mtoto wako wa kwanza,
Arlette