Nataka Gari la Mkwe, Nyumbani Wanasema Nimechanganyikiwa

Mshauri wetu mpendwa,

Nakuomba unijibu upesi maana mkwe anataka jibu kabla mwezi haujaisha, na nyumbani kwangu hakuna wa kumuuliza, kila mtu ana maoni na hakuna anayeshika kalamu akapiga hesabu. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, dobi, nilianza na beseni mbili na pasi ya mkaa kwenye veranda ya mtu, na leo nina mashine tisa na wafanyakazi sita, nafua mashuka ya hoteli tatu na makoti ya hospitali moja, na sijawahi kupewa na mtu hata kipande cha sabuni. Nayasema haya ili ujue unaongea na nani, maana siku hizi nyumbani naongeleshwa kama mtoto aliyeokota noti njiani.

Habari yenyewe ni hii. Mkwe wangu, yaani baba mzazi wa mume wa binti yangu, ana gari la michezo la zamani, jekundu, milango miwili, taa za mbele zinachomoza ukiziwasha na ukizizima zinajificha, na injini yake si ya pistoni kama magari tuliyozoea, ni ya rotari, ndani kuna chuma cha pembe tatu kinachozunguka tu. Nililisikia mara ya kwanza siku ya harusi ya watoto wetu, mkwe aliliwasha nyuma ya ukumbi na mimi nilikuwa nimebeba sahani, nikasimama na sahani zangu mpaka mtu akaniuliza kama naumwa. Mshauri, nimeishi na ngoma za mashine miaka ishirini na nane, nikiwa chumba cha nyuma najua ni mashine ipi beringi yake imeanza kulia, na ile sauti ilikuwa ya ngoma inayokamua nguo ikiwa imekaa sawasawa, haigongi, haitetemeki, inapanda tu inapanda tu. Tangu siku hiyo nalitaka.

Sasa mkwe anahamia nyumba ndogo isiyo na pa kuegesha, analiuza, na amenipa nafasi mimi kabla ya watu wa nje. Bei yake ni sawa na mashine tatu mpya za kilo ishirini. Mimi kila kitu nakipima kwa mashine, ndivyo nilivyozoea, na fedha ipo, ila ndiyo hiyo hiyo niliyoitenga kwa mashine tatu za chumba cha pili ambacho nimeshakubaliana na mwenye nyumba. Nikinunua gari, chumba nakiacha, na nikikiacha kuna muuza viatu ameshakiulizia.

Hesabu nimepiga. Linakunywa petroli karibu mara mbili ya pikapu yangu, na linakula oili kwa jinsi lilivyotengenezwa, lazima uwe na dumu la oili nyuma muda wote, hilo nalijua. Bima, matairi, nikiliendesha Jumapili peke yake, kwa mwaka halifikishi nusu mashine. Injini nimeiandikia sifuri, kwa sababu mkwe amesema ilishafunguliwa ikatengenezwa. Na nikibandika nembo ya udobi wangu mlangoni si ni tangazo hilo, wateja wataniona.

Nyumbani sasa. Mzee wangu, mwalimu mstaafu, akaweka gazeti chini. "Gari la milango miwili! Wajukuu watakaa wapi?"

Nikamwambia, "Watakaa kwenye lako."

"Langu si uliliuza ukanunua mashine ya nane?"

"Basi watakaa kwenye mashine ya nane."

Mimi nikacheka, yeye hakucheka, akachukua gazeti lake. Mzee huyu huyu alinunua kiwanja kinachojaa maji kila mvua ikinyesha, vyura wanakijua kuliko yeye, na hakuna aliyeitisha kikao. Binti yangu naye nikampigia simu, akasema, "Mama, ukikataa baba mkwe atajisikia vibaya, na ukinunua watu watasema." Nikamuuliza sasa nifanye lipi. Akasema, "Fanya vizuri tu, mama." Nilimsomesha kwa mashine mbili za kwanza, huyo, na jibu ndiyo hilo.

Usidhani nimeingia kichwa kichwa. Nimenunua pikapu nne za mkononi katika maisha yangu na hakuna aliyewahi kunipiga. Muuzaji akitaka kukuficha ubovu analipasha gari moto kabla hujafika, kwa hiyo nilimpigia mkwe simu nikamwambia asiliguse mpaka nije. Nikafika, nikaweka kiganja juu ya boneti, baridi kabisa. Mkwe akatabasamu, akaliwasha, likashika mara moja kama linanisubiri mimi. Tukaenda nalo dakika arobaini, barabara kuu na kurudi, nikaendesha na mimi, mshauri sikudanganyi, nilipiga kelele ya furaha mbele ya mkwe mpaka nikaona haya. Njiani nilitaka mkate, mkwe akabaki kwenye kiti gari linanguruma, nikashuka mimi.

Kitu kimoja tu kilinikwaza. Tuliporudi kwake hakunikaribisha ndani. Tulisimama getini gari linanguruma, akaniuliza habari za wajukuu, za mzee wangu, za mvua, nikamwambia si ulizime tu mkwe, akasema, "Injini hizi hazipendi kuzimwazimwa, mkwe," na baadaye, "Haya, nisikucheleweshe." Watoto wetu wameoana mwaka wa sita huu na sijawahi kutoka nyumba ile bila chai. Mke wake nilimwona dirishani na birika mkononi. Niliumia kidogo, lakini nikasema labda biashara kati ya wakwe inaleta haya, hajui aniite mgeni au mteja.

Sasa naomba uniambie. Nimechanganyikiwa kweli, au nina haki ya kununua kitu kwa jasho langu? Na nikitaka kuomba anipunguzie, nitamwambiaje mkwe bila kumvunjia heshima binti yangu?

Mimi Mama Povu, ndivyo wateja wanavyoniita.

*

Mama Povu, povu limetosha, sasa tusuuze.

Hujachanganyikiwa. Mtu aliyetoka kwenye beseni mbili akafika mashine tisa, akataka kitu kimoja kisichomwingizia chochote, ana haki hiyo na hahitaji kura ya familia. Ila usinidanganye mimi na usijidanganye mwenyewe kwa hiyo nembo mlangoni. Hoteli zako hazitaongeza hata foronya moja kwa sababu umefika na gari jekundu. Unalitaka kwa sababu unalitaka. Sema hivyo hivyo, kwa sauti, uone kama bado unaweza kukiacha chumba cha pili kwa muuza viatu. Ukiweza, basi.

Halafu kuna mstari umeupita mbio. Gari la mzee wako liliuzwa likawa mashine ya nane. Hukutuambia kama aliulizwa. Mwanamume aliyestaafu, anayekwenda dukani kwa miguu ili mashuka ya hoteli yaoshwe, leo anaambiwa kuna gari la Jumapili la watu wawili, na akiuliza anatupiwa utani. Mama, hata mimi ningeshika gazeti. Yeye hakuwa anauliza habari za wajukuu. Alikuwa anauliza kiti cha pili ni cha nani.

Sasa gari. Mimi sijui tofauti ya boneti na buti, kwa hiyo nilimtafuta fundi anayezifungua injini hizi za rotari nikamsomea barua yako. Mwanzoni alikuwa anaitikia tu, mmh, mmh. Nilipofika kwenye birika akaniambia, "Hebu rudia hapo."

Ujanja wako wa kiganja ni mzuri, Mama Povu, kwa pikapu. Kwa injini hii umeushika upande usio wenyewe. Wewe unaujua mpira wa mlango wa mashine, ukichakaa maji yanavuja. Kile chuma cha pembe tatu nacho kina sili kwenye kila ncha, kazi yake ni kuibana hewa isivuje inapozunguka. Sili zikichakaa, injini ikiwa baridi inaweza kukuwakia vizuri tu, na ikiendelea kuzunguka hutajua kitu. Ubovu unatokea ukiizima ikiwa na moto wake, ukaiacha dakika kumi, ukataka kuiwasha tena. Hapo stata italia, italia, na hakuna kitu. Wewe ulihakikisha ni baridi, ukamfanyia mwenye gari kazi yake.

Na lile neno kwamba haipendi kuzimwazimwa ni nusu ya kweli. Haipendi kuwashwa ikiwa baridi, ikasogezwa hatua mbili, ikazimwa, petroli inalowesha plagi. Ninyi mlikuwa mmetembea dakika arobaini. Ilikuwa na moto wa kutosha, na kama ni nzima ilikuwa haina sababu ya kuogopa.

Kwa hiyo soma upya barua yako mwenyewe. Hakuizima kwenye mkate. Hakuizima getini. Mtu aliyekupa chai miaka sita alikuacha umesimama barabarani mke wake ameshika birika, na wewe ukadhani ni haya ya kibiashara. Mkwe wako hakukosa adabu. Alishindwa kukukaribisha, kwa sababu ungeingia, angelazimika kuizima, na baada ya chai ungeisikia. Sisemi ni mwizi. Inawezekana anajidanganya kama wewe na nembo yako, anasema labda ni betri. Na inawezekana gari ni zima na siku ile mama mkwe alikuwa na mafua. Hatujui, wewe hujui, na kwenye hesabu yako nzuri pale pa injini umeandika sifuri kwa neno la mdomo. Nani angekuuzia mashine ya kufulia kwa neno la mdomo? Fundi anasema kuifungua injini hiyo na kuirudisha vizuri si chini ya mashine moja na nusu katika kipimo chako. Iandike hapo penye sifuri, halafu uniambie kama bado ni nusu mashine kwa mwaka.

Sasa utafanya hivi. Mpigie mkwe simu, sauti ya kawaida, mwambie: "Mkwe, Jumapili nakuja na mzee wangu, siku ile sikumsalimia mama, nimejisikia vibaya, tutapita tunywe chai." Mkifika, wewe na mkwe mwende na gari nusu saa, mkirudi lizimwe, funguo zikae mezani karibu na sukari. Kunywa chai yako taratibu. Uliza habari za watoto. Omba kikombe cha pili. Kisha simama na useme, "Mkwe, hebu liwashe tena tulisikie." Huhitaji kumpima mtu mdomoni, wala kumwita mwongo kwenye sebule ambayo binti yako atakaa kesho. Chai itafanya kazi hiyo.

Akikataa kulizima, umeshajibiwa. Shukuru, rudi ukalipie chumba cha pili. Akilizima na lisiwake, usinung'unike na usimwangalie usoni kwa muda mrefu. Mwambie bei unayoweza ni ya gari bila injini, mashine moja na nusu, naye aamue. Hiyo si kumvunjia heshima, ni kumpa mlango wa kutokea. Likiwaka, usilipe bado: liende kwa fundi mwenye kipimo cha injini hizi, maana kipimo cha gereji ya kawaida hakizisomi sawasawa, na alipime mbele yenu.

Na kama hayo yote yakipita salama na ukalilipia, lile la mashine ya nane bado halijalipwa. Siku ya kulichukua, wewe panda upande wa abiria, na funguo mpe mzee wako aliendeshe mpaka nyumbani.