Beringi ya Nyuma, Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nesi wa ghorofa ya juu ameshuka tena. Mara ya tatu sasa! Kitambaa kichwani, macho mekundu, kandambili hazifanani. Yeye hufanya zamu ya usiku na kulala mchana, na mchana ndipo mimi nachonga. Anasema mashine yangu inalia kama inachinjwa. Nikamwambia, mwanangu, mashine hii naijua kuliko ninavyomjua mume wangu. Inanguruma tu, hailii. Labda unaota. Akamtazama Mzee aliyekuwa amesimama nyuma yangu. Mzee akakohoa. Kikohozi gani hicho? Hana hata mafua.

Sipendi kusingiziwa. Miaka ishirini na miwili nimefanya kazi na mashine, mingi yake karakana, katikati ya misumeno sita, na sasa humu chumba cha nyuma na hii ndogo inayofuata mchoro wa kwenye kompyuta. Aliyenifundisha kazi alikuwa akisema, kisu kikichoka kitakwambia, wewe tega sikio tu. Nimetega maisha yangu yote.

Ila ugomvi siutaki mwezi huu. Kitanda cha mjukuu lazima kiishe kabla ya tarehe 16. Binti yetu anakuja naye kukaa mwezi mzima. Mara ya mwisho nilimwona akiwa wa kubebwa, sasa ana miaka miwili na nusu na wanasema anaongea kama redio isiyozimwa. Leo wamempa simu azungumze nami. Sikuambulia kitu, mtandao siku hizi mbovu kweli. Mzee ndiye aliyezungumza naye, huku akicheka peke yake.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamua kuifungua mashine. Si kwa sababu inalia — hailii! — ila haijafunguliwa tangu mwaka jana, na sitaki inikwamie katikati ya kitanda.

Nimechomoa waya kwanza. Nikatoa kisu, nikatoa mota, nikatoa lile daraja linalobeba mota. Kila hatua Mzee anapiga picha, tusije tukabaki tunakuna vichwa. Alikuwa karani wa stoo mpaka anastaafu, kwa hiyo skrubu amezipanga kwenye trei ya mayai, kila shimo na kikaratasi chake: "daraja, kulia", "reli, chini". Mwandiko wa ofisini kabisa. Nikamwuliza nani atayaatamia mayai hayo. Akasema, wewe, Fundi, mimi nimeshataga.

Lakini aibu jamani. Chini ya daraja unga wa mbao umeshikana na grisi ya zamani mpaka natoa vipande vizima kwa bisibisi. Mimi ndiye ninayewahubiria wateja kila siku, kitunze kikutunze. Nyani haoni kundule.

Jumatano, 5 Machi

Siku nzima kusafisha, madirisha wazi kwa ajili ya harufu. Brashi ya rangi kwa vumbi. Mswaki wa zamani na mafuta ya taa kwa zile skrubu ndefu zinazosukuma daraja mbele na nyuma. Mikunjo yake midogo midogo, uchafu unakaa humo ndani kabisa, lazima uufuate mkunjo kwa mkunjo. Nimehitaji kitambaa cha pamba. Mzee akaleta shati lake la stoo. Alilishika kidogo, kisha akalichana mwenyewe.

Reli nimezipaka oili nyepesi, tone kwa tone, nikafuta. Asiyejua hujaza grisi kwenye reli, vumbi likinata, baada ya siku tatu ni matope. Grisi ni ya skrubu, tena kidogo. Halafu unazungusha kwa mkono, mwanzo hadi mwisho, mara kumi, ienee. Naipenda sehemu hii kuliko zote. Kitu kizito kinasogea bila kubishana nawe.

Nikitafuta kitambaa kingine nimekuta vile vifuniko vya masikio, kwenye msumari nyuma ya mlango. Mzee alininunulia zamani sana. Buibui amejenga ndani. Hata wiki moja sikuvivaa. Nitakisikiaje kisu nikiwa nimeziba masikio? Ndivyo nilivyomwambia, na nikajiona nimesema la maana.

Alhamisi, 6 Machi

Imeungana! Halafu ikabaki skrubu moja. Mzee karibu azimie. Amepekua picha zote, amesoma vikaratasi vyote, saa nzima — kumbe ni ya kishikio cha sufuria, aliiweka mwenyewe kwenye trei asubuhi asije akaisahau. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Nimewasha. Daraja likaenda, likarudi. Kimya! Nikamwuliza Mzee, unasikia chochote? Akasema, kimya kabisa, Fundi. Haya, nesi alale sasa, hana kisingizio.

Nimeanza ubao wa kichwani wa kitanda. Bata na vifaranga vyake vitano.

Ijumaa, 7 Machi

Nesi ameshuka. Leo hakugomba. Angegomba ningemweza. Ameingia mpaka chumba cha nyuma, mashine inakwenda, akanishika mkono juu ya kiwiko, akaniuliza taratibu: Mama, kweli husikii? Nikasema naisikia mota, kuna nini kingine? Akainua kidole. "Sasa." Akakishusha. Daraja lilipoanza kurudi nyuma akakiinua tena. "Sasa." Mara nane, mara tisa. Nilikuwa nakitazama kidole tu. Kisha nikamtazama Mzee pale mlangoni. Kila kidole kilipoinuka, uso wake ulikunjamana kama wa mwenye jino bovu.

Nimezima mashine.

Jumamosi, 8 Machi

Sijagusa kazi. Nimemwuliza Mzee, tangu lini. Akasema, tangu birika. Lile birika letu la filimbi. Nilisema limeharibika, halipigi tena, nikanunua jingine, nalo nikasema bovu. Mwaka juzi huo! Hakuna lililokuwa bovu. Alikuwa akinyanyuka kwenda kulizima kabla sijaanza kuulalamikia mvuke.

Mengine nimeyasoma mwenyewe. Kwa nini huja kusimama mbele yangu kila akitaka kusema kitu. Kwa nini alihamisha kiti chake, siku hizi tunakula tukitazamana. Kwa nini simu hupokea yeye. Kwa nini alikohoa nesi alipomtazama. Nami nilidhani ni mapenzi ya uzeeni!

Nikamwuliza, na juzi, ulivyosema kimya kabisa? Akasema, ulikuwa umefurahi sana. Nimekasirika mimi! Nimemwambia umenigeuza mtoto mdogo. Umeniacha namwambia binti wa watu kwamba anaota. Mzee akajaribu mzaha, akaanza "sikio la kufa—" halafu akaziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Sikucheka. Sasa naandika na kicheko kinanijia, lakini leo simpi.

Jumapili, 9 Machi

Mtandao si mbovu. Nimeamka na hilo.

Sauti nyembamba ndizo zilizoniacha. Filimbi ya birika, mlio wa mashine, na mtoto kwenye simu. Nimempigia makofi, nimemwambia hodari, nimemwuliza maswali. Sijawahi kumsikia hata neno moja.

Jumanne, 11 Machi

Nimepanda kwa nesi kuomba radhi. Nimempelekea kibao cha kukatia mboga, kile cha mti mwekundu nilichokuwa nimejiwekea. Amekipokea kwa mikono miwili. Akanikalisha dirishani, akanimulika masikio kwa tochi yake ndogo. Masafi, akasema, Mama, kuliko mashine yako. Nilikuwa naomba iwe nta! Nta hutolewa, mtu akaenda zake. Akauliza, mashine umezifanyia kazi miaka mingapi? Nikamwambia. Ukiwa umeziba masikio? Nikamwambia. Anasema yeye si daktari, hawezi kusema ni nini wala kama kinatibika, kuna kipimo. Ameniandikisha kwenye kliniki ya masikio, Jumatatu tarehe 17. Siku moja baada ya mjukuu kufika.

Ninachokiogopa nikiandike hapa, maana mahali pengine sina. Kuzeeka siogopi. Hata filimbi ya birika siihitaji. Naogopa mtoto ataita "Bibi" na mimi nisigeuke. Ataita mara ya pili, ya tatu. Wa umri ule hajui habari za masikio. Atajua tu kwamba bibi yake hamtaki.

Jumatano, 12 Machi

Leo limenijia jambo la zamani. Kule karakana fundi wa mitambo alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye mashine na kishikio kwenye mfupa nyuma ya sikio, asikilize ndani. Tulikuwa tunamcheka, tunasema kapigiwa simu na msumeno.

Nimechukua bisibisi yangu ndefu. Mzee kwenye kompyuta, analipeleka daraja na kulirudisha, polepole. Kishikio nyuma ya sikio, ncha nimeiweka kwenye chuma kinachoshika beringi, ile pete ya gololi inayobeba skrubu, si kwenye kinachozunguka, sijachoka na vidole vyangu. Beringi ya mbele, kulia: laini. Ya mbele, kushoto: laini. Ya nyuma, kulia: laini. Ya nyuma, kushoto — inasaga mchanga! Ndani ya kichwa changu! Nikapiga ukelele. Mzee akazima kila kitu akidhani nimekatika mkono. Nikasema, hii hapa, ya nyuma, kushoto, nimeisikia! Akainamisha kichwa juu ya kompyuta. Nilidhani anacheka. Alikuwa analia, mzee mzima.

Nikakumbuka wiki iliyopita. Nilisafisha mashine nzima nikairuka hiyo moja tu. Kifuniko chake kigumu kufungua, na sikio langu lilishaniambia iko salama.

Buibui nimemhamisha. Vifuniko nimevifuta, nimevivaa. Vinabana. Mzee anasema nafanana na rubani.

Alhamisi, 13 Machi

Beringi mpya. Ile ya zamani nimeizungusha kwa kidole, inakwenda, inakwama, inakwenda. Ndani kukavu kabisa, grisi ilishaliwa na vumbi. Nimesafisha makazi yake, nimepachika mpya, nimekaza nati bila kuikomoa.

Saa tisa alasiri nesi akashuka, alama za mto zimejaa shavuni. Akaniuliza, Mama, leo hamchongi? Mzee akamjibu tunachonga tangu saa nne. Akatutazama, akapiga miayo, akarudi zake kulala. Sijawahi kusifiwa hivyo na mteja yeyote.

Nikamwona Mzee akisimama mbele yangu, kabisa kabisa, kuniambia chai iko tayari. Labda ni mapenzi ya uzeeni hayo hayo.

Jumamosi, 15 Machi

Kitanda kimesimama. Ubao wa kichwani nimeuchonga upya, ule wa kwanza nimeuweka kando. Kwenye ule bata mama alikuwa anatazama mbele, vifaranga vinamfuata. Kwenye huu amegeuza shingo, anamtazama wa mwisho kabisa. Nimeupiga msasa siku mbili, mpaka shavu haliwezi kukwaruzika.

Mzee ameuliza, binti utamwambia? Nikasema tutaona. Akasema, sawa, ila mimi sikohoi tena.

Jumapili, 16 Machi

Wamefika! Mrefu. Ana meno mengi. Amenitazama kuanzia kandambili mpaka kichwani, akajificha nyuma ya mama yake, akachungulia. Midomo haikai. Nimemkodolea macho midomo ile mpaka binti akacheka, akaniuliza kama nahesabu meno.

Baada ya chakula nilikuwa nimeinama nafungua mizigo yao, mgongo mlangoni. Nilipoinuka binti alikuwa mbele yangu na uso mwingine. Mama, amekuita mara nne. Mzee akafungua mdomo anikingie. Nikamtazama. Akaufunga.

Nne. Ndicho nilichokuwa nakiogopa, na kimetokea kabla vyombo havijaoshwa.

Nikamtafuta mtoto, nikijua nitamkuta amenuna. Wapi! Yuko kitandani kwake, ameshika ubao wa kichwani kwa mikono miwili, ameung'ata, juu ya bata kabisa, na anaimba humo humo, mashavu yanatetemeka. Ubao wangu! Msasa wa siku mbili! Nikakaa sakafuni nimwachishe. Nikaegemeza kichwa pale ubao unapoishia, ule mfupa nyuma ya sikio, kama kwenye bisibisi —

Nipo hapa hapa bado. Daftari lilikuwa mfukoni mwa aproni, sasa liko gotini. Binti yangu amesimama mbele yangu, mikono kiunoni, naona midomo yake: Mama, kuna nini? Mzee yuko nyuma yake, hakohoi. Nitamwambia. Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nimeinua kidole. Mtoto akivuta pumzi, nakishusha. Akianza tena, nakiinua. Sasa.