Taji Nyumbani kwa Mama Mkubwa Olinda

Jumanne, 9 Aprili

Binti yangu Janine amepiga simu! Si ujumbe — simu. Mara ya kwanza sikuipokea kwa sababu nilikuwa nimeikalia. Mtu akikaa peke yake muda mrefu husahau hata simu yake inaliaje.

Ameongea sana. Kazi, Philadelphia, kodi ya nyumba inavyopanda. Kisha akafika alikokuwa anakwenda. Baba, yule babu yako mzaa mama alikuwa Mreno kweli? Nikamwambia Mreno wa visiwa vya Azores, mpaka kwenye nyusi. Aliwahi kuapa kuwa Mmarekani? Wapi! Alikufa na kitambulisho cha mgeni, mkaidi yule. Akapiga kelele za furaha mpaka nikaondoa simu sikioni.

Habari yenyewe ni hii. Kama Babu Arruda alibaki Mreno, mimi mjukuu wake naweza kuomba uraia. Nikiupata mimi, naye ataupata kupitia kwangu. Yeye ni kitukuu, peke yake hawezi kuruka mpaka kwa Babu. Anataka kuhamia Lisbon. "Na lazima ujue Kireno, baba, kuna mtihani." Nikacheka. Kireno! Nimelelewa nacho na Bibi Bia.

Nimefurahi mno leo. Nimekula nimesimama jikoni, naimba. Baadaye ndipo nikawaza kwamba Lisbon ni mbali kuliko Philadelphia.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimeshusha sanduku la vyeti. Cha kuzaliwa mama yangu Natália kipo. Cha ndoa yake na baba kipo. Cha kifo cha Babu kinasema alizaliwa Azores. Basi! Visiwa tisa, na makanisa kila kona. Janine anasema bila kujua parokia aliyobatizwa hatuendi popote.

Aliye hai anayejua ni mmoja tu — Mama Mkubwa Olinda, dada yake mama. Yuko Fall River, mimi New Bedford. Unafika kabla redio haijamaliza matangazo. Nina miaka sitini na sita na sijawahi kukanyaga kwake.

Mama alipoolewa na baba — Barros, asili yake Cabo Verde, mweusi — Babu alifunga mlango. Wakati ule Cabo Verde ilikuwa koloni la Ureno, bendera moja na pasipoti moja, wote Wareno. Haikusaidia kitu. Mama alinibeba mchanga, akanipeleka nikaonwe. Babu akashusha pazia. Olinda alikuwa humo ndani, hajaolewa bado. Mama aliuona mkono wake umeshika pazia. Alilisema hilo mpaka anakufa: niliuona mkono.

Cha kuchekesha ni kwamba Bibi Bia, mama yake baba, alizaliwa kisiwani Brava. Pasipoti ya Cabo Verde ningeweza kuiomba kwa jina lake. Ndiye aliyenipikia, akanikanda kifua nikikohoa, akaningoja dirishani nikitoka shule. Yake hakuna anayeiulizia. Inayotakiwa ni ya yule mwenye pazia.

Jumatatu, 15 Aprili

Aibu tupu.

Nilikwenda kwa Dona Graça, anayefundisha Kireno kwenye ukumbi wa kanisa. Nikajidai. Nikamwambia sihitaji darasa, nipime tu. Nikafungulia: mvua, bei ya samaki, ujana wangu kwenye kiwanda cha samaki na kisu mkononi. Akanisikiliza mpaka mwisho, mama wa watu. Halafu akasema kwa upole kwamba naongea vizuri sana, ila hicho si Kireno. Ni Kikrioli cha Brava.

Nikabisha! Neno Kikrioli nalijua, nilidhani ni jina la utani la Kireno chetu. Nyumbani tuliambiwa sisi Wareno, tunaongea Kireno. Majirani walituita hivyo. Jeshini niliandika hivyo. Dona Graça akasema wazee wengi wa mtaa wetu humjia na hadithi hiyo hiyo. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Lugha ya Bibi Bia, na hata jina halisi la lugha hiyo sikulijua. Sasa niko na daftari la mtoto wa darasa la kwanza, najifunza lugha ya babu ambaye hakuniambia hata jambo.

Darasa ni Jumatatu na Alhamisi. Nimejiandikisha. Kwani Jumatatu na Alhamisi nina nini kingine?

Jumatano, 24 Aprili

Duka la mikate. Wanawake wawili mbele yangu kwenye foleni. Taji la Roho Mtakatifu mwaka huu, kura imemwangukia Olinda Arruda, wiki inayoanza tarehe tano Mei. Na ugonjwa ule! anasema mmoja. Kiharusi kimemfutia Kiingereza chote, kimebaki Kireno tu. Mwenzake akasema basi wageni wake wajifunze.

Nimesahau nilichokuwa nanunua.

Mila yao naijua: taji la kanisa huzunguka nyumba kwa nyumba, wiki moja kila nyumba. Taji likikaa nyumbani kwako, jioni zote za wiki ile mlango uko wazi kwa rozari. Anaingia jirani, anaingia mliyegombana naye, anaingia mlevi. Humfukuzi mtu, na anayeingia lazima ale. Hata mjukuu wa Arruda.

Nimemwambia Janine. "Baba, wewe ni jasusi!" Sasa anapiga kila jioni, akitoka kazini. Leo tumeongea mpaka nikaunguza wali.

Jumatatu, 6 Mei

Nimekwenda. Nimekaa ndani ya gari ng'ambo ya barabara. Mlango wazi, taa zote zinawaka, watu barazani na mabakuli yao. Nimerudi nyumbani bila kushuka. Mapazia yake ni meupe.

Jumanne, 7 Mei

Nimeingia.

Nilichukua kiti cha plastiki karibu na mlango, ili nikitaka kutoka nitoke. Mbele kuna ngazi zilizofunikwa kitambaa, maua tele, na juu kabisa taji la fedha na njiwa wake. Mama Mkubwa yuko kwenye kiti cha magurudumu, pembeni. Mdogo! Miaka yote nimeogopa mtu wa kimo kile. Watu waligeuka kunitazama. Mweusi ni mimi tu. Mzee mmoja akanisogezea mto wa kukalia, akasema karibu.

Rozari ikaanza. Sikupanga kuitikia, lakini mdomo ukafunguka wenyewe. Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu — kwa Kireno, Kireno chenyewe, bila kosa! Hapo ndipo nilipoelewa. Sisi Bibi Bia alituongelesha Kikrioli, ila kwa Mungu alisali kwa Kireno. Kumbe nilikuwa nacho. Nilikuwa nacho magotini tu.

Mwishoni ukaja ule wimbo mrefu wa zamani. Vijana hawaujui, wakawa wanaguna tu. Wazee nao wakaachia njiani mmoja mmoja. Tukabaki wawili tunaoimba, mimi na yeye. Akaomba ageuzwe kiti.

"Wewe wa nani?"

"Wa Natália."

Akanyoosha mkono wake mzima akanishika kidole, kama watoto wachanga wanavyoshika. Hakukiachia mpaka ilipoletwa supu. Nimekula kwa mkono wa kushoto ili nisimsumbue.

Nimelia kwenye gari. Sioni haya kuandika.

Jumatano, 8 Mei

Janine: umeuliza? Nikamjibu bado, watu walikuwa wengi. Ni kweli watu walikuwa wengi. Ni kweli pia kwamba Mama Mkubwa alinikalisha kando yake na wote wakasogea wakatupisha.

Kanipa mkate mtamu wa kuja nao nyumbani. Umefungwa kwenye taulo. Taulo lazima nirudishe, kasema.

Ijumaa, 10 Mei

Leo Mama Mkubwa kaniuliza waziwazi. "Mtoto wa Natália, umekuja kutaka nini? Miaka yote hii, mtu haji bure."

Swali langu nilikuwa nalo. Dona Graça alinisahihishia, nimelirudia garini mpaka limelainika: Babu alibatizwa parokia gani? Nikafungua mdomo.

"Nimekuja kusali tu, Mama Mkubwa."

Akaniangalia. "Mwongo kama mama yako," akasema, akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Kwa nini sikuuliza? Nilijiambia sitaki adhani nimefuata karatasi. Lakini hilo si lote. Nikilipata jina, Janine ataondoka. Simu za jioni zitakwisha, maana atakuwa ameshapata alichokuwa anakitafuta. Tangu Aprili nimekuwa mtu wa kupigiwa simu. Naingia nyumbani haraka nisije nikaikosa. Sitaki kurudi kulekule.

Janine kakasirika. "Baba, unazubaa nini? Nakuja mwenyewe kesho."

Anakuja! Nimebadilisha shuka za chumba chake. Nimenunua soseji za Kireno, zile anazopenda, na nyingine tena kwa kuogopa hazitatosha.

Jumamosi, 11 Mei

Alishuka kwenye basi na begi dogo. Begi la kulala mara moja, niliona. Kanenepa kidogo, kapendeza. Sikumwambia kanenepa.

Tulipoingia, Mama Mkubwa alimwona kabla sijasema kitu. Akamwita kwa kidole. Janine akapiga magoti mbele ya kile kiti, na bibi akamwondolea nywele usoni, polepole, akamtazama sana. Kisha akaanza kuongea, kwa Kireno, na kila neno nililielewa. Kila neno! Dona Graça angejivuna.

Alisema: paji hili la uso ni la kwetu Salga. Baba yangu alikuwa akisema ukikutana na mwenye paji hili popote duniani, mrudishe Salga, kwenye kanisa alilobatizwa yeye. Akasema: siku ile Natália alipokuja na mtoto, mkono wangu ulikuwa juu ya pazia. Nilikuwa nalifungua, si nalifunga. Baba alinishika kifundo cha mkono.

"Anasema nini, baba?"

Watu walikuwa wanaimba. Ningeweza kusema hata kwa kupiga kelele.

"Anasema una paji zuri la uso."

"Maneno yote yale?"

"Wareno wanaongea sana."

Akacheka. Akanitazama tena kidogo, halafu akaletewa supu ya sukumawiki.

Kabla hatujaondoka, Mama Mkubwa akatoa amri. Kesho taji linahama kwenda nyumba nyingine kwa maandamano, na hubebwa na msichana wa nyumba. Yeye hakuzaa. Msichana wa nyumba ni huyu. Hilo nilimtafsiria lote. Janine akashika mdomo. Akasema atapanda basi la jioni badala ya la asubuhi.

Jumapili, 12 Mei

Asubuhi. Jua zuri. Leo ni Siku ya Mama, na mama yake Janine yuko Florida na yule mume wake wa gofu. Nimebaki mimi.

Janine yuko juu anaoga. Nasikia mabomba yanavyogonga, sauti ambayo sijaisikia humu ndani tangu aende chuo. Soseji ziko kikaangoni. Sahani mbili mezani. Nimezitazama muda mrefu, hizo sahani mbili.

Mlango wa Mama Mkubwa unafungwa leo taji likitoka. Lakini jana alininong'oneza: wewe njoo Alhamisi, utaingilia jikoni. Kwa hiyo mimi nina Alhamisi yangu. Kwa hiyo siwezi kusema sina mtu. Nimejiambia hivyo tangu nilipoamka.

Na mkono ule. Mama alikufa anadhani ulikuwa unafunga. Mtu mmoja tu alipaswa kumwambia, na hakumwambia.

Neno lenyewe ni fupi. Salga. Naliandika hapa ili kesho nisije nikajidanganya kwamba nililisahau.

Maji yamefungwa. Anashuka, nywele bado mbichi, amevaa ile fulana yangu ya zamani. Anauliza nini kinanukia hivi. Anauliza naandika nini. Anavuta kiti.

"Baba, hebu niambie tena. Yule bibi jana alisema nini hasa?"

Nimemwambia angoje kidogo, namalizia mstari. Anangoja.