Kufuli Langu Kwenye Transfoma ya Pili

Greyville, Durban
Jumapili

Mdogo wangu Selemani,

Assalaam alaykum. Naandika nikiwa mzima. Kile kifua cha mwezi uliopita kimeniachia. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Mlisema siku hizi anaswali akiwa kwenye kiti. Shemeji naye na watoto, natumaini hawajambo. Simu tumeshapigiana, lakini sheikh atakayefungisha ndoa anataka maandishi, na wewe una haki ya kujua kisa chote kabla hujasimama mbele za watu kwa ajili yangu.

Unajua nafanya kazi kwenye ghala la baridi karibu na bandari. Sasa ni msimu wa machungwa. Yanakaa kwetu yakingoja meli. Umeme wetu unaingia kwa kilovolti kumi na moja. Pamoja na transfoma kubwa kuna ndogo ambayo haiwashi hata taa moja. Kazi yake ni hii tu: waya mkubwa ukigusa ardhi, umeme uliopotea upate njia ya kurudi, kwa kiasi kilichopimwa, ili swichi za ulinzi ziuone na kukata. Tulikuwa nayo moja. Mwezi uliopita ikaletwa ya pili, zikaunganishwa zifanye kazi pamoja, ili moja ikiharibika ghala lisizimwe. Wazo si baya. Ila njia zikiwa mbili, umeme unaoingia ardhini huwa karibu maradufu, na nyaya zetu za ardhini zilikadiriwa kwa njia moja; zikizidiwa, umeme hupanda kwenye vyuma vya uwanjani. Nilitaka tupime kwanza. Kupima kunataka ghala lizimwe nusu siku. Meneja akasema machungwa hayangoji vipimo.

Jumanne ilinyesha mvua, na kiungo cha kebo chini ya uwanja wa malori kikapasuka. Swichi zilikata papo hapo, kama inavyotakiwa. Lakini Themba, mlinzi wetu, alikuwa ameshika geti la chuma. Nilimkuta amekaa kwenye maji, kofia yake iko mbali.

"Eish, mzee, geti limenipiga," akaniambia.

"Limekupiga wapi?"

"Kote. Hata mke wangu hajawahi kunipiga hivi."

Anacheka sasa. Mkono wa kushoto bado una ganzi. Na pale getini madereva hujipanga tangu asubuhi, wameegemea uzio.

Meneja aliandika kwamba mlinzi aliteleza. Mimi nilizima transfoma ya pili, nikafunga swichi yake kwa kufuli langu na kutundika kadi yenye jina langu.

Hapo ndipo niliponasa. Kwenye kazi yetu kila fundi ana kufuli lake, na aliyelifunga ndiye pekee anayelifungua. Meneja hawezi kuligusa maadamu mwenyewe yupo kazini. Siku nisipofika, anasaini kitabu, linakatwa kwa mkasi wa kukatia chuma. Fundi mwingine mwenye kibali cha kufungua swichi hizo aliacha kazi mwezi wa pili, hivyo sina wa kumkabidhi. Mpimaji kutoka nje atakuja baada ya wiki tatu. Ndoa ya mwanangu Mwanaidi ni baada ya siku kumi na moja.

Ijumaa meneja aliniita. Fomu yangu ya likizo ilikuwa mezani kwake, na pembeni karatasi inayosema transfoma zote mbili zimepimwa na ziko salama. "Saini hiyo, nami nasaini hii," alisema. Hakupandisha sauti. Nikamwambia hazijapimwa. Akarudisha zote mbili kwenye droo. Hata hiyo likizo angenipa bure, Selemani, ningekuwa bado kwenye ndege wakati mkasi unafanya kazi.

Kabongo, yule Mkongo tunayefanya naye kazi, alikuwa injinia kwao. Hapa anabeba ngazi kwa sababu karatasi zake za ukimbizi hazimpi kibali. Alinisubiri mlangoni.

"Mzee Hamisi, toa ile kadena, uende. Mtoto anaolewa mara moja," akasema. Kadena kwao ndilo kufuli.

"Na Themba?"

"Themba tutamwambia avae glavu."

"Na madereva?"

Akaegemeza ngazi yake ukutani, akasema, "Ungekuwa mjinga kidogo, ungekuwa umeshafika nyumbani."

Mwanaidi nilimwambia jana. Aliniuliza, "Baba, kwani hilo kufuli nalo ni mwanao?" Nimekaa chumbani tangu alfajiri nikitafuta mlango mwingine wa kutokea, sijauona.

Kwa hiyo naandika haya nikiwa na akili timamu: mimi Hamisi, baba yake Mwanaidi na walii wake, nakuweka wewe, mdogo wangu Selemani, uwe wakili wangu, umwozeshe kwa bwana aliyemkubali, kwa mahari waliyopatana. Mashahidi wawili niliowatoa msikitini wamesaini hapo chini. Mshike kijana mkono kwa nguvu na utaje jina langu kamili, la baba na la babu.

Nisalimie Mama, umwambie mwenyewe kwa upole kwamba sitafika. Mke wangu nitampigia leo. Yeye ananielewa kuliko ninavyostahili. Shangazi, somo anayemfunda bibi harusi, asiniseme vibaya kabla ya harusi kwisha. Mwalimu wa madrasa naye mpe salamu.

Ndoa ni saa kumi kwenu. Huku itakuwa saa tisa, nami nitakuwa kazini. Usinipigie muda huo. Kwenye chumba cha swichi simu haziruhusiwi.

Kaka yako anayekutegemea,
Hamisi